Dhambi, Hatia na Majuto: Nyuzi Tatu Katika Fundo Moja

Katika tamthilia ya Hamlet, ambayo Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1600, yupo mfalme aitwaye Claudius aliyemuua ndugu yake kwa sumu, akatwaa taji lake na kumwoa mjane wake. Katika tendo la tatu anabaki peke yake na kujaribu kusali. Hajidanganyi hata kidogo: anakiri kwamba kosa lake linanuka hadi mbinguni, na kwamba limebeba laana kongwe kuliko zote, ile ya mtu kumuua nduguye. Anaumia. Anajua pia kwamba rehema iliwekwa kwa ajili ya watu wa namna yake. Kinachomkwamisha ni swali moja: je, mtu anaweza kusamehewa huku angali ameshikilia vitu vilevile alivyoua ili avipate? Taji bado liko kichwani, malkia bado ni mkewe, na tamaa iliyomsukuma haijampungua. Hata hivyo anapiga magoti. Nyuma yake anatokea Hamlet, mtoto wa marehemu, upanga mkononi. Anamwona baba yake mdogo katika hali ya sala na kuahirisha kisasi, kwa hofu kwamba kumuua mtu aliye katika toba ni kumpeleka peponi. Hamlet akishaondoka, mfalme anainuka na kusema kwamba maneno yake yamepaa lakini mawazo yake yamebaki chini, na maneno yaliyoachwa na mawazo hayafiki mbinguni.

Onyesho hilo ni fupi, lakini limekusanya karibu kila kitu tunachokichanganya tunapozungumzia uovu. Ipo dhambi, ambayo ni tendo lenyewe. Ipo hatia, ambayo ni hali ya mtu baada ya tendo, awe anaijua au haijui. Yapo majuto, ambayo ni maumivu ya ndani. Ipo toba, ambayo Claudius hakuifikia japokuwa majuto alikuwa nayo tele. Na ipo hukumu, ambayo Hamlet aliitoa akakosea kabisa, kwa sababu alichokiona kwa macho kilikuwa mtu aliyepiga magoti na hakuwa na njia ya kuona kilichomo moyoni. Kwa kawaida mambo haya hutajwa kwa pumzi moja. Mabishano mengi juu ya dini, na juu ya vitabu vilevile, hutokana na mtu mmoja kuzungumzia hatia huku mwenzake akisikia majuto.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kutenganisha. Dhambi ni neno la msikitini na kanisani. Hakimu hasemi kwamba mshtakiwa ana dhambi, husema amepatikana na hatia. Inashangaza kidogo kwamba neno hatia asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya dhambi, na kwamba lilipoingia katika Kiswahili likahamia mahakamani na kuiachia dhambi kazi ya madhabahuni. Kuhusu maumivu ya ndani, mbali na neno majuto, lugha yetu ina kitenzi pia. Tunasema nafsi inamsuta. Kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso na kumwekea wazi uongo wake au ubaya wake mbele ya watu, na tunaposema kwamba nafsi ndiyo inayosuta, tunamgawa mtu mmoja kuwa wawili, msutaji na msutwaji, katika baraza lisilo na hadhira. Dhamiri nayo ni neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kitu kilichofichika ndani, na ni ndugu wa damu wa neno dhamira, yaani nia. Mahali tunapokusudia na mahali tunapojihukumu ni pamoja.

Tukirudi nyuma zaidi, lugha za maandiko ya kale zilianza na picha za kawaida kabisa. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika zaidi kwa kutenda dhambi kina maana ya kukosa shabaha, na katika Waamuzi 20:16 kitenzi hicho kinatumika bila harufu yoyote ya dini: wametajwa wanaume 700 wa kabila la Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, ambao waliweza kuulenga unywele kwa jiwe la teo wasikose. Neno la Kigiriki la Agano Jipya, hamartia, lina picha ileile, na ndilo Aristotle alilolitumia kueleza kosa linalomwangusha shujaa wa tanzia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa, kwa kuwa kwetu pia mwindaji hukosa na mkosaji hukosa, na kosa ni neno lilelile.

Picha hiyo ina upole ndani yake, maana anayekosa shabaha alikuwa analenga. Lakini haikubaki peke yake. Neno jingine la Kiebrania, avon, hubeba kwa pamoja maana ya uovu, hatia na adhabu yake, kiasi kwamba Kaini anapolalamika katika Mwanzo 4:13 kwamba yamemzidi na hayachukuliki, wafasiri wanalazimika kuchagua iwapo analilia adhabu yake au uovu wake. Hapo dhambi imekuwa mzigo. Katika Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, neno moja lilitumika kwa dhambi na kwa deni, na alama ya hilo imebaki katika sala ya Baba Yetu: Mathayo anaomba tusamehewe deni, Luka anaomba tusamehewe dhambi. Na kwingineko dhambi ni doa, ambalo Zaburi ya 51 inaomba lioshwe.

Naona watu wengi huzipita picha hizi haraka, wakidhani ni mapambo ya lugha. Ukweli ni kwamba kila picha huja na dawa yake, na dawa hizo hazifanani. Mzigo hutuliwa au hutwikwa mwingine, ndiyo maana katika Walawi 16 kuhani anaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi hai, anaungama juu yake maovu yote ya Waisraeli, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa ameyabeba. Deni hulipwa, au mwenye kudai hulifuta, au mtu mwingine hulilipa kwa niaba; nadharia nzima za wokovu katika Ukristo wa Magharibi zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Doa huoshwa, na uoshaji hauulizi nani alilitia. Mtu akiulizwa kwa nini dini fulani inasisitiza sadaka na nyingine inasisitiza udhu au ubatizo, jibu moja lisilo baya ni kuangalia ni picha ipi imeshika usukani.

Swali la kwanza linalozua ugomvi ni iwapo hatia inaweza kurithiwa. Augustino, askofu na mwanateolojia wa Kanisa la kale aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, aliandika katika Maungamo yake kisa kimoja kidogo ambacho amekishughulikia kwa kurasa nyingi kuliko maovu yake makubwa. Akiwa na miaka 16, yeye na vijana wenzake waliiba mapeasi ya jirani usiku. Hawakuwa na njaa, kwao yalikuwepo mazuri zaidi, na mengi ya waliyoiba waliyatupia nguruwe. Jambo linalomtisha Augustino miaka mingi baadaye ni kwamba hapati faida yoyote iliyomvuta isipokuwa ubaya wa tendo lenyewe, pamoja na raha ya kulitenda akiwa na wenzake. Ikiwa kijana anaweza kupenda kuanguka kwa ajili ya kuanguka tu, basi, alifikiri, mpinde uko ndani zaidi ya tendo lolote moja. Kutokana na hoja za namna hiyo likajengeka fundisho la dhambi ya asili, yaani kwamba wanadamu wote wamezaliwa wakishiriki anguko la Adamu, na mwaka 418 mtaguso wa Karthago ukamkataa mpinzani wake Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyeshikilia kwamba binadamu huzaliwa na uwezo kamili wa kutenda mema.

Sehemu ya hoja hiyo ilisimama juu ya tafsiri. Augustino alisoma Warumi 5:12 katika Kilatini, na tafsiri aliyokuwa nayo iliweza kueleweka kwamba ndani ya Adamu wote walitenda dhambi. Kigiriki cha Paulo husomwa na wengi kwa maana ya kwamba mauti iliwafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi, na ndivyo Biblia ya Kiswahili inavyosema. Makanisa ya Mashariki, yaliyosoma Kigiriki moja kwa moja, kwa sehemu kubwa yalifundisha kwamba tumerithi mauti na udhaifu wa Adamu, lakini hatia yake ni yake. Sidai kwamba fundisho zima lilizaliwa na kosa la mfasiri. Augustino alikuwa na sababu nyingine. Ila si jambo dogo kwamba kiunganishi kimoja kilibeba uzito wa aina hiyo.

Uislamu ulilijibu swali hilo kwa mkato. Katika Sura ya 2, aya ya 37, Adamu anapokea maneno kutoka kwa Mola wake na toba yake inakubaliwa, na kesi inafungwa hapo. Katika Sura ya 6, aya ya 164, inaelezwa kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikuwa amekwisha kuwaambia Waisraeli jambo linalokaribiana na hilo, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Swali la pili, iwapo mtu ana hatia kwa jambo ambalo hakulikusudia, ni gumu zaidi, na hapo fasihi ilitangulia. Mfalme Oedipus, katika tamthilia ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, alimuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua, na alifanya kila alichoweza kulikimbia tabiri lililosema atafanya hivyo. Mji wake unapigwa na tauni. Yeye mwenyewe ndiye anayeanzisha uchunguzi, na yeye mwenyewe ndiye anayemlaani muuaji asiyejulikana, ambaye ni yeye. Kwa Wagiriki wa kale, damu iliyomwagwa ilikuwa na unajisi unaoambukiza, na unajisi hauulizi nia, kama vile moto usivyouliza nani ameugusa kwa bahati mbaya. Lakini miaka mingi baadaye, katika tamthilia ya mwisho ya mtunzi huyohuyo, Oedipus akiwa mzee kipofu anajitetea mbele ya wazee wa Colonus: hakujua, alishambuliwa njiani akajihami, na mbele ya sheria yeye ni safi. Sophocles hakufuta tamthilia ya kwanza kwa kuandika ya pili. Aliziacha zote mbili zisimame, najisi na asiye na hatia katika mwili mmoja.

Dini zilizokuja kuenea zaidi zilielekea upande wa nia. Hadithi maarufu inayofungua mkusanyiko wa Bukhari inasema kwamba matendo huzingatiwa kwa nia. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba dhambi haiwi ya mauti mpaka yatimie mambo matatu, yaani jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ujuzi kamili, na aridhie kwa hiari yake. Ni maendeleo makubwa, lakini yana gharama yake. Nia ikishakuwa kiini, tendo linaweza kuonekana halina lazima tena: katika Mathayo 5:28 anayemtazama mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Mapokeo ya Kiislamu yaliuwekea upande huu ngome, kwa hadithi isemayo kwamba aliyekusudia baya kisha akaacha kulitenda huandikiwa jema. Hizo ni namna mbili za kuuchunga moyo, na kila moja ingemsoma kijana wa mapeasi kwa jicho tofauti.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alilirudisha suala la Oedipus katika barabara ya kawaida kwa mfano alioutoa mwaka 1976. Dereva wa lori anaendesha kwa uangalifu wote, mtoto anachomoka, dereva anamgonga na mtoto anakufa. Hana kosa lolote. Watu watamwambia hivyo, na watakuwa sahihi kumwambia. Lakini kama siku ya pili dereva huyo angekubali maneno yao kwa wepesi, akasema kweli, halikuwa kosa langu, akaendelea na shughuli zake kama mpita njia mwingine yeyote aliyeshuhudia ajali, tungemwona ana upungufu fulani. Hapa majuto yamejitenga kabisa na hatia, na hata hivyo hatuwezi kuyaita upuuzi. Nadhani Wagiriki walikuwa wakilizungumzia jambo hili walipotaja unajisi, kabla hawajapata msamiati mwingine.

Majuto hata hivyo ni shahidi asiyeaminika. Kurani inaitaja nafsi yenye kujilaumu katika Sura ya 75, na jina lake la Kiarabu, lawwama, linatoka katika mzizi uleule uliotupa neno lawama. Wafasiri wengi huiona kuwa ni hatua njema kuliko nafsi yenye kuamrisha maovu. Lakini wanazuoni haohao walionya dhidi ya wasiwasi, yaani minong'ono inayomfanya mtu arudie udhu mara kumi kwa kudhani haukutimia. Sisi tumelichukua neno hilo tukalipunguza makali likawa na maana ya mashaka tu. Mapadri waungamishi nao waliwajua waamini wanaorudi kila siku na dhambi ambazo si dhambi. Upande wa pili yuko asiyesikia chochote. Katika Sura ya 83 inaelezwa kwamba yale waliyokuwa wakiyachuma yameziweka kutu nyoyo zao. Kwa hiyo ukubwa wa maumivu hauonyeshi ukubwa wa kosa. Mtu mwema ndiye anayesutwa zaidi, na mtu aliyezoea uovu hulala vizuri.

Ndiyo maana mapokeo ya dini, tofauti na yanavyodhaniwa, hayakuridhika na hisia. Masharti ya toba katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na endapo haki ya mtu imeguswa, kumrudishia. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu inayohusu Siku ya Upatanisho, inasema kwamba siku hiyo hufuta makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, lakini yaliyo kati ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake kwanza. Katika kitubio cha Wakatoliki, majuto hufuatwa na maungamo na malipizi. Katika orodha zote hizo kujuta ni kipengele kimoja tu. Claudius alikuwa nacho hicho kimoja, na alijua kabisa kwamba vilivyobaki vingemgharimu taji.

Kuungama nako kunaweza kugeuka maficho. Nathaniel Hawthorne, katika riwaya yake ya mwaka 1850 kuhusu Boston ya karne ya 17, anamweka Hester Prynne, aliyezaa nje ya ndoa, avae herufi nyekundu kifuani mbele ya mji mzima, wakati baba wa mtoto ni mchungaji Dimmesdale, anayeheshimiwa na wote. Dimmesdale anateseka kwa kuficha. Siku za ibada anapanda mimbarani na kuwaambia waumini kwamba yeye ni mwovu kuliko waovu wote, kwamba ni ajabu hajaunguzwa na ghadhabu ya Mungu. Waumini wanasikia, wanatikisa vichwa kwa mshangao wa heshima, na wanamwona mtakatifu zaidi kuliko jana. Ameungama kila kitu isipokuwa kosa lake. Na analijua hilo, jambo linaloifanya kila ibada kuwa uongo mpya.

Linabaki suala la hukumu. Waislamu wa mwanzo walilikuta mapema na kwa damu, baada ya vita vya Siffin vya mwaka 657, walipoulizana iwapo Mwislamu aliyetenda dhambi kubwa angali Mwislamu. Khawariji walisema ametoka katika imani. Murjia walisema hukumu ya mtu huyo iahirishwe na kuachiwa Mungu, na jina lao lenyewe linatokana na kuahirisha. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimuuliza Hasan al-Basri swali hilo msikitini Basra, na kabla shehe hajajibu, mwanafunzi wake Wasil bin Ata akadakia kwamba mtu huyo hayuko huku wala huko, yuko katika daraja la katikati, kisha akainuka akaenda kukaa kwenye nguzo nyingine. Katika kujitenga huko ndimo inamosemwa kuwa madhehebu ya Muutazila yalipata jina lake.

Binafsi naona kwamba riwaya na tamthilia nzuri ziko karibu zaidi na wale wa kuahirisha. Mahakama haiwezi kusubiri, na jamii haitaki kusubiri, lakini kitabu kinaweza kumwambia msomaji yale ambayo hakimu hawezi kuyajua, kisha kikamnyima rungu la kugonga meza. Hii haina maana kwamba kitabu hakina maadili. Dante, mshairi wa Italia, alimweka mwanamke aitwaye Francesca motoni kwa uzinzi, wala hakubadilisha hukumu hiyo. Lakini baada ya kumsikiliza akisimulia, Dante mwenyewe, kama mhusika katika utenzi wake, anazimia na kuanguka kama maiti. Hukumu imesimama, na aliyeiandika ameanguka chini.

Kinyume cha Claudius ni Raskolnikov, katika riwaya ya Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866. Mwanafunzi huyu fukara alimuua kwa shoka bibi mkopeshaji, na ndugu wa bibi huyo aliyeingia kwa bahati mbaya. Baadaye anajisalimisha, anakiri kwa ukamilifu, na anahukumiwa kazi ngumu Siberia kwa miaka minane. Wasomaji wengi hukumbuka kwamba alitubu. Ukisoma tena sehemu ya mwisho utakuta kwamba, akiwa tayari amefungwa minyororo, anajichunguza na haoni hatia yoyote ya kutisha katika yaliyopita. Anachojilaumu ni kwamba alishindwa, na kwamba alikwenda kujisalimisha. Anatamani majuto kama mtu anavyotamani maji, majuto ya kumnyima usingizi, na hayaji. Ana dhambi, ana hatia ya kisheria, ameungama, anatumikia adhabu, na nafsi haimsuti. Badiliko linapoanza, linaanza ghafla, karibu na mto, asubuhi moja, bila hoja, akiwa miguuni pa Sonya, msichana aliyemfuata Siberia, na hata hapo mwandishi hatuambii kwamba ametubu. Anasema kwamba historia ya kuzaliwa upya kwa mtu huyu ingeweza kuwa kisa kingine, na kwamba hiki kimeishia hapa.